Kwa nini milango ya 999 haidanganyiki

Nafundisha hisabati sekondari, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza ile kanuni ya kugawanya kwa 9 itamsaidia nini maishani. Sasa nina jibu, ingawa mkuu wa shule hawezi kulipenda: itakusaidia kutoka kwenye meli inayozama ukiwa na bomu tumboni.

Meli hiyo imo ndani ya gemu la Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors, wapenzi wake wanaliita 999. Lilitungwa na Kotaro Uchikoshi likatolewa Japani mwaka 2009 kwa ajili ya Nintendo DS, kifaa cha gemu cha mkononi. Sehemu kubwa ni kusoma tu, kama riwaya yenye picha na muziki. Katikati ya usomaji unafungiwa chumbani na hutoki mpaka ufumbue mafumbo yake. Mafumbo ya vyumbani ni mazuri, lakini si hayo yaliyoninyima usingizi. (Nitafichua kidogo yanayotokea, asiyetaka aishie hapa.)

Watu 9 wamevishwa bangili zenye namba 1 mpaka 9. Kila mlango una namba yake, na hupitwa na watu 3 mpaka 5. Jumlisha bangili za wanaotaka kuingia, kisha jumlisha tarakimu za jibu mpaka ibaki moja. Hiyo ndiyo iwe namba ya mlango. Bangili 1, 4 na 8 zinatoa 13, na 1 na 3 ni 4, basi mlango wa 4 unafunguka. Kuingia bila wote mliofungua nao mlango ni kulipukiwa na bomu la tumboni baada ya sekunde 81.

Tarakimu hiyo inayobaki ni salio lako ukigawanya kwa 9, ila salio likiwa sifuri inaandikwa 9. Sababu ni kwamba 10 ni 9 na moja, 100 ni 99 na moja. Ukizitupa tisa zote, kila tarakimu inabaki na thamani yake tupu. Kwa hiyo 9 hapa ni sawa na sifuri: 5 ukiongeza 9 unapata 14, na 14 inakurudisha kwenye 5.

Sasa angalia ujanja wa mtunzi. Wa kwanza kufa ni mwenye bangili ya 9. Jumla ya wote ilikuwa 45, sasa ni 36, na zote mbili zinaishia kwenye 9. Milango iliyo mbele yao ni 4 na 5, ambayo ikijumlishwa ni 9. Mtu amekufa na hesabu haijatikisika! Kwa mfano, watatu niliowataja wanaweza kupita mlango wa 4, na waliobaki, 2, 3, 5, 6 na 7, wanafanya 23, yaani 5. Hakuna anayeachwa.

Baadaye mwenye namba 2 anatoweka, wanabaki saba, na mbele yao kuna milango 3, 7 na 8. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Jumla yao ni 34, yaani 7. Milango yote mitatu haiwezekani, maana inataka watu 9, na mmoja hauchukui zaidi ya watano. Basi ni miwili. Lakini 3 na 7 zinaishia 1, 3 na 8 zinaishia 2, 7 na 8 zinaishia 6. Hakuna jozi inayotoa 7. Lazima mtu abaki, na si kura inayomchagua: ukishachagua milango, hesabu imeshamchagua mtu. Kwa 7 na 8 anabaki 1. Kwa 3 na 7 anabaki 6.

Kwa 3 na 8 anabaki 5. Na 5 ni bangili ya Junpei, kijana unayemchezesha wewe.