Eti "Mkateni Tu Mtangazaji"

Swali limekuja tena, na safari hii limetoka kwa mtu anayehariri video kila siku: mbona BBC Four, idhaa ya televisheni ya Uingereza, inaporudia Top of the Pops, kipindi cha zamani cha nyimbo za chati, inaruka vile vilivyotangazwa na Jimmy Savile, isimkate yeye ikaacha nyimbo? Haya.

Marudio yalianza Aprili 2011, kwa vipindi vya 1976. Savile akafa Oktoba mwaka huohuo. Oktoba 2012 ITV, televisheni shindani, ikarusha ushuhuda wa aliowadhulumu kingono, na vipindi vyake vikatoka kwenye ratiba. Hayo mnayajua.

Sasa mkate tuone. Mara nyingi anaanza kusema makofi ya wimbo uliopita hayajaisha, na anamaliza gitaa la unaofuata limeshalia. Sauti ni mono: mdomo wake, makofi na bendi vimo kwenye njia moja. Lila na fila havitangamani, ila kwenye kanda hii vimetangamana. Ukikata anaponyamaza, wimbo hauna kichwa. Ukikata mapema, makofi yanazimika kama umeme wa mgao. Unaweza kubandika makofi ya kuazima, sekunde mbili, ukayafifisha taratibu. Inapita mara moja, mbili, ya tatu mtazamaji ameshakushtukia. Halafu pale picha yake ilipoyeyushwa ndani ya picha ya bendi, uso wake unaelea juu ya mpiga ngoma. Na orodha ya chati anaisoma yeye, juu ya muziki.

Ubaya zaidi ni wasichana waliomzunguka. Kuna kanda ya 1976 ambamo mmoja anaruka kwa kushtuka hewani kabisa. Ukubwani alieleza kwamba Savile alikuwa akimshikashika. Huyo naye tumkate?

Na kuruka si kufuta! Waliofuta ni BBC wenyewe, zamani: vipindi vingi vya miaka ya 1960 havipo kwa sababu kanda za inchi 2 zilikuwa ghali, zikarekodiwa juu yake. Za Savile zilizosalia zimo maktaba.

Jingine linaloniudhi: si kila kipindi kinachorukwa kina mhalifu. Mike Smith, mtangazaji mwingine wa Top of the Pops, hakusaini kuongeza ruhusa ya marudio, basi. Hana kashfa. Lakini kipindi chake kikirukwa, minong'ono inaanza. Acheni.

Ninapokwama ni kwenye mstari wenyewe. Tuseme kigezo ni hukumu ya mahakama? Savile alikufa bila kupandishwa kizimbani. Mwimbaji Jonathan King alihukumiwa 2001 kwa makosa ya kingono, lakini alipokatwa kwenye kipindi cha 1976 kilichorudiwa 2011, mkurugenzi mkuu wa BBC wa wakati huo, Mark Thompson, alimwomba radhi. Dave Lee Travis, mtangazaji mwenzake Savile, alipatikana na hatia ya kosa moja la kingono 2014, kifungo kikaahirishwa, na vipindi vyake navyo vinarukwa. Vya Savile ningeviacha kabatini bila kufikiri mara mbili. Vya Travis, leo nasema virushwe, kesho nafikiria aliyemshtaki akiwasha televisheni. Wapiga besi wasiohusika ndio wanaokosa malipo ya marudio.

Anayetaka nyimbo, njia safi ni hii: usimkate mtangazaji, mkwepe. Watangazaji walipokezana, na onyesho la wimbo uliokaa chati wiki kadhaa mara nyingi lilirushwa tena chini ya mwingine. Tafuta kanda hiyo, toa wimbo hapo. Uliorushwa mara moja tu, naye akiwa zamu, huo sina dawa yake.