Saa tisa ya Ijumaa Kuu

Msomaji wa Kiswahili ana bahati anapofungua Injili ya Marko sura ya 15. Anasoma kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likafunika nchi tangu saa sita hata saa tisa, na saa hiyo ya tisa akalia kwa sauti kuu, kisha akakata roho. Hahitaji maelezo ya pembeni. Wayahudi wa wakati ule walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi, hivyo saa tatu yao ndiyo saa tatu yetu, watoto wakiwa tayari darasani. Saa tisa ni ileile ambayo hapa Mbeya, masika yakiwa bado hayajaisha, wingu huanza kuushukia tena mlima Loleza. Ilikuwa pia saa ya kusali hekaluni, kama Matendo ya Mitume 3:1 inavyotukumbusha.

Wanafunzi wangu wa liturujia, yaani utaratibu wa ibada, huniuliza kila mwaka kwa nini makanisa mengi huweka ibada ya siku hii alasiri, wakati Jumapili tumezoea asubuhi. Jibu ni hilo. Waumini wanakwenda kwa saa ya kifo chenyewe.

Tarehe ndiyo inayohama. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofuata Machi 21, au unaoangukia siku hiyo, na Ijumaa Kuu hutangulia kwa siku mbili. Ndiyo maana mwaka 2025 ilikuwa Aprili 18, mwaka 2026 ni Aprili 3, na mwaka 2027 itakuwa Machi 26. Kwa wenzetu wa Iringa na Njombe majira haya ni ya ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Mianzi inagemwa asubuhi na jioni, na Kwaresima inaangukia humohumo. Mzee anayekaa siku arobaini bila kugusa mbeta, chombo cha mwanzi cha ulanzi, huku ulanzi ukiwa tele kwa kila jirani, anajua kufunga kuliko mimi ninayekufundisha.

Kwa Wakatoliki, Ijumaa Kuu na Jumatano ya Majivu ndizo siku zenye sheria ya kufunga: mlo kamili mmoja kwa walio kati ya miaka 18 na 59, na kutokula nyama kuanzia miaka 14. Makanisa mengine huliacha jambo hili kwa dhamiri ya mtu. Kwa vyovyote, mgonjwa wa kisukari, anayemeza dawa kila siku na mama anayenyonyesha wasijidhuru. Mfungo haukuwekwa kwa ajili ya kuumiza mwili uliokwisha kuumia.

Sasa nije kwenye neno ninalolipenda kuliko yote ya siku hii. Yohana 19:30 inasema Yesu alipokwisha kuipokea ile siki alisema, "Imekwisha." Kwetu neno hili linaweza kupotosha. Mama akifunua debe akasema unga umekwisha, ametangaza upungufu. Nimesikia mahubiri yaliyolichukua hivyo: nguvu zimekwisha, matumaini yamekwisha, Pasaka itakuja kurekebisha. Neno la Kigiriki la Yohana halisemi hivyo. Linatokana na kitenzi cha kutimiza, kulifikisha jambo mwisho wake uliokusudiwa, kama fundi anavyoshuka kutoka kwenye paa baada ya kupigilia bati la mwisho. Wapo wahubiri wanaoeleza kwamba neno hilo liliandikwa kwenye risiti za kale kumaanisha "imelipwa yote". Ushahidi wa risiti hizo una mashaka, wala hatuuhitaji. Yohana mwenyewe ametupa ufunguo katika sura ya 13 mstari wa kwanza, anaposema Yesu "aliwapenda upeo". Hilo "upeo" na hilo "imekwisha" kwa Kigiriki ni ndugu wa shina moja. Upendo ulioanza kwa kuosha miguu mezani umefika pale ulipokuwa unakwenda. Kisha wafasiri wetu wakaandika, "akaisalimu roho yake". Aliikabidhi kwa hiari, hakunyang'anywa.

Kwa Kijerumani, lugha ya wamisionari wa kwanza wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, jina la siku hii lina maana ya Ijumaa ya maombolezo. Kiswahili kimeiita Kuu. Naona majina yote mawili yanahitajiana, na sisi wa nyanda za juu tuna njia ya kuyashika pamoja, kwa kuwa tunajua kukaa msibani.

Mama yangu alipofariki, jirani mmoja alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua nyuma ya jiko, akaingia akaketi mkekani kwa siku tatu. Sikumbuki neno lolote alilosema. Ninamkumbuka yeye. Ukisoma Injili kwa jicho hilo utaona kwamba Ijumaa ile nayo ilikuwa na watu wa namna hiyo. Mama yake Yesu na wanawake wenzake walisimama karibu na msalaba, hawana la kuzuia. Yusufu wa Arimathaya alimwendea Pilato kwa ujasiri kuomba mwili, na aliyewahi kuhangaikia kibali cha kuchukua maiti anajua uzito wa hatua hiyo. Nikodemo, yule aliyekuja kwa Yesu usiku, sasa anakuja kabla jua halijazama, amebeba manemane na udi yapata ratili mia, zaidi ya kilo 30. Awali alimtetea kwa neno moja tu mbele ya Mafarisayo wenzake (Yohana 7:50-51); kwenye maziko alijitokeza hadharani.

Wapo waliowahi kudai kwamba maiti ya aliyesulubiwa na Warumi haikuweza kupata kaburi la heshima. Mwaka 1968, jijini Jerusalemu, lilichimbuliwa kaburi lenye sanduku la mifupa ya mtu aliyeitwa Yehohanani, wa karne ya kwanza. Mfupa wa kisigino chake ulikuwa bado na msumari wa chuma. Alisulubiwa, na ndugu zake wakamzika.

Ibada za siku hii zimejengwa kwa ukaaji huo wa msibani. Kwa Wakatoliki hakuna Misa. Altare iko tupu, kengele zimenyamaza tangu Alhamisi Kuu, na padre anaanza kwa kulala kifudifudi bila wimbo. Mateso yanasomwa kutoka kwa Yohana, na msalaba unaabudiwa. Wamoravian husoma habari ya juma zima, siku kwa siku, injili nne zikiwa zimesukwa kuwa simulizi moja, na Walutheri wengi hutafakari maneno saba ya msalabani. Wapo pia Wakristo wasioiadhimisha tarehe hii kabisa, kwa kuwa Biblia haikuagiza, nao tusiwahukumu. Jambo moja lakini naomba wahubiri walikwepe: kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo hiki. Yesu, mama yake na Nikodemo walikuwa Wayahudi.

Najua soko la Mwanjelwa linavyojaa siku hiyo, kuku mikononi, mchele wa Kyela mabegani, na sina ugomvi na maandalizi ya Pasaka. Naomba tu saa tisa ikifika redio izimwe, na mwenye jirani aliyefiwa mwaka huu aende akaketi naye.

Wanawake waliotoka Galilaya walifuata hadi kaburini, wakaona mwili ulivyowekwa. Luka anasema walirudi nyumbani wakatayarisha manukato, na Sabato ilipoingia wakapumzika kama ilivyoamriwa. Mitungi ikakaa pale, imefunikwa, ikisubiri kupambazuke Jumapili.