Stoo ya pili haiponyi oda zinazochelewa

Anayelalamika anaweza kuwa muuza vipodozi wa Kariakoo au msambazaji wa vipuri vya pikipiki, maneno ni yaleyale: "Oda zimezidi, zinachelewa, nataka kufungua stoo Mwanza na Arusha." Muulize oda inakaa muda gani ndani ya stoo aliyonayo kabla ya kutoka mlangoni. Hajui. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi hulimaliza hilo kwa takriban siku moja. Mteja akipokea mzigo siku ya nne, siku zilizobaki hazikupotelea barabarani.

Dhana: stoo zikiwa nyingi, oda zinaenda haraka.

Pima kwanza. Chukua oda 100 za wiki iliyopita, na kwa kila moja andika nyakati nne: ilipoingia, ilipotolewa rafuni, ilipofungwa, ilipokabidhiwa kwa basi. Mara nyingi pengo kubwa liko pale mwanzo kabisa. Oda imelala kwenye WhatsApp ikisubiri mtu athibitishe malipo, au imechapwa ikawekwa kwenye rundo na anayechukua kutoka juu ya rundo hafiki chini. Ugonjwa huo ukiufungulia tawi, unakuwa na wagonjwa wawili.

Halafu kuna akiba. Tuseme bidhaa moja inahitaji akiba ya tahadhari, yaani mzigo wa ziada wa kukinga siku mauzo yanapopanda ghafla, ya vipande 40 ukiwa na stoo moja. Gawa mauzo yaleyale sawasawa kwenye stoo nne. Watu wengi wanaandika vipande 10 kila stoo, na hapo ndipo wanapokosea. Mahitaji ya Mbeya yakipanda siku Arusha imelala, zamani stoo moja ilikuwa inafidia; sasa kila stoo inabeba hofu yake peke yake, na itataka kama vipande 20. Jumla 80. Akiba hiyo hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya stoo: nne ni mara mbili, tisa ni mara tatu. Huo ni mtaji uliolala rafuni, na bado hujalipa kodi ya pango.

Baya zaidi ni oda zinazogawanyika. Stoo ambayo kila bidhaa inapatikana kwa asilimia 95 ni stoo nzuri. Lakini oda ya bidhaa tatu itakamilika hapo mara 86 tu kati ya 100, kwa sababu ni 0.95 mara 0.95 mara 0.95. Mzigo ukitawanywa stoo nyingi na upatikanaji ukashuka hadi asilimia 90, zinakamilika 73. Oda ya bidhaa tano, 59. Zinazobaki zinakwenda vifurushi viwili kwa nauli mbili, na mteja anapiga simu kuulizia nusu ya mzigo wake.

Kama stoo ya mkoani ni lazima, iwekee bidhaa zinazokimbia tu, na zile zinazonunuliwa pamoja nazo. Kikaangio kikikaa Mwanza na mfuniko wake ukabaki Dar, hujafanya kitu. Halafu andika kanuni ya kugawa oda kabla ya kupeleka katoni ya kwanza: oda iende stoo inayoweza kuikamilisha yote, zikiwa zaidi ya moja, iliyo karibu na mteja, ikikosekana, nzima iende stoo kuu. Kuigawa kuwe uamuzi wa mtu baada ya mteja kukubali, programu isijiamulie. Idadi inayoonyeshwa kwa wateja iwe iliyopo rafuni, toa iliyokwisha kuwekewa oda, toa iliyorudishwa na haijakaguliwa. Kwa duka lenye wateja wa kaunta, toa vipande viwili zaidi. Kile cha mwisho huwa kimepasuka, au mtu amekishika akipatana bei.

Dhana: oda zikizidi, ongeza vijana wa kuchukua mizigo.

Wanaongezwa, na mlima wa kreti unakua mbele ya meza ya kufungia. Piga hesabu ya meza kwanza. Kufunga oda moja kwa dakika tatu ni oda 20 kwa saa. Kwa saa 7 za kazi halisi ni 140. Oda 600 kwa siku zinataka meza tano zenye watu. Tatu hazitoshi hata ukijaza vijana kumi rafuni. Na hao wa rafuni wanachoka kwa kutembea: mmoja asukume toroli lenye kreti 12, kila kreti na namba ya oda yake, azunguke mara moja. Oda za bidhaa mojamoja zikusanywe kwa pamoja, zitenganishwe mezani.

Dhana: rafu zipangwe kwa aina ya bidhaa.

Hiyo ni kwa ajili ya dukani. Stooni, kinachotoka sana kikae karibu na meza, kati ya kiuno na bega. Saizi mbili za bidhaa ileile zisikae jirani, maana ndizo zinazochanganywa.

Dhana: programu itanyoosha hesabu.

Ukiilisha idadi isiyo sahihi, itakosea kwa kasi zaidi. Hesabu bidhaa zinazokimbia kila wiki, za kati kila mwezi, zinazolala kila miezi mitatu, na kila tofauti itafutiwe chanzo kabla ya kusahihishwa.

Dhana: oda zipokelewe mpaka jioni, zote zitoke leo.

Anza na basi, urudi nyuma. Tuseme linaondoka Mbezi saa 12 jioni. Mzigo ufike ofisi ya basi saa 10:30. Kutoka Kariakoo, kwa foleni, tenga saa moja na nusu: gari liondoke saa 9:00. Kufunga na kupakia kundi la mwisho, saa moja. Kulichukua rafuni, dakika 40. Mwisho wa kupokea oda ya leo ni saa 7:20 mchana, ikiwa imeshalipiwa. Ya saa 7:30 ni ya kesho, hata kama ni ya shemeji.