Solisita, wakili, dalali: nani hasa yuko upande wako ukinunua nyumba Unguja au Pemba

Mtoto wa kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, akataka kuleta pesa tumnunulie nyumba ndogo huku Tomondo, na suali lake la mwanzo kwenye simu lilikuwa "shangazi, solisita mshampata?" Nikamwambia dalali tunae, tena mtu wa msikitini, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, anatujua, karatasi itaandikwa palepale, kwani kuna nini tena. Akanambia "shangazi, hao wote sio solisita." Siku ile nilimuona anajitia uzungu. Leo nataka kulieleza neno hilo vizuri kwa sababu nshaelewa alikuwa anauliza nini, na kwa sababu naona watu wetu wanatoa mamilioni waliyoyakusanya miaka kumi wanapewa karatasi ya daftari na wanashukuru.

Kule England wanasheria wamegawika mafungu mawili makubwa, yupo barista ambae kazi yake kubwa ni kusimama mahkamani, na yupo solisita ambae ndie unaemwendea na shida zako za kawaida, wasia, mirathi, mikataba, na kununua au kuuza nyumba. Kwenye nyumba, solisita wa mnunuzi anatazama daftari la ardhi la serikali aone nyumba iko kwa jina la nani na kama ina deni la benki, anauliza baraza la mji kama kuna barabara itapita au ujenzi uliofanywa bila ruhusa, anausoma mkataba, na pesa za mnunuzi zinapita kwenye akaunti maalum ya ofisi yake, hazipiti mkononi kwa mtu. Mikataba ikishabadilishwa baina ya pande mbili hapo ndio hakuna kurudi nyuma, na kawaida mnunuzi anakuwa ameshaweka asilimia 10. Muuzaji nae ana solisita wake.

Huku kwetu mgawanyo huo haupo, neno ni moja tu, wakili. Huyo huyo atakusimamia kesi Mahkama Kuu na huyo huyo ataandika hati yako ya mauziano. Kwa hivyo mtu wa ng'ambo akikwambia solisita, we elewa kuwa anataka wakili anaeshughulika na ardhi na nyumba, anaelipwa na wewe, na anaekutazamia wewe peke yako.

Hapo kwenye "wewe peke yako" ndipo tunapochanganya mambo. Dalali ni mtu muhimu, bila yeye hujui hata nyumba gani inauzwa, lakini dalali anapata chake biashara ikikamilika, ikivunjika hapati kitu, basi hata awe mcha Mungu vipi moyo wake unataka mmalizane. Sheha ni serikali kwenye shehia, anajua nani kakaa wapi tokea lini na nani anagombana na nani, na saini yake utaihitaji, ila daftari la ardhi halimo mezani kwake na hana kazi ya kukulinda wewe dhidi ya jirani yake wa miaka 30. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji. Hata akikuchekea na kukupa chai, ni wa muuzaji, na ukiambiwa "tutumie wakili mmoja tupunguze gharama" ujue umebaki peke yako.

Sasa huyu wakili anafanya nini hasa? Wengi tunadhani kazi yake ni kuandika karatasi na kupiga muhuri. Karatasi ni kazi ya saa moja. Kazi yenyewe iko kabla ya karatasi, ni kutafuta hicho unachouziwa ni kitu gani na aliekaa mbele yako ana haki ya kukiuza.

Ntakuonesha ilivyokuwa kwetu. Tulipanda ngazi kwa wakili mmoja huku Mjini, mwanamke, tuko mimi, muuzaji na dalali. Muuzaji akatoa karatasi yake, ukurasa wa daftari la skuli, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imetoboka, ina muhuri wa sheha wa zamani na jina la marehemu baba yake kuwa ndie aliepewa kiwanja. Mie nilitegemea atauliza bei. Hakuuliza bei, akageuza bahasha akaandika jina la marehemu juu, akamuuliza muuzaji "kaacha nani?" Akajibu "sisi watatu, wanaume wawili na dada yetu mmoja, wote tumekubali." "Na mama yenu, baba anafariki mama yuko hai?" "Yuko hai." "Yuko hai mpaka leo?" "Kashatangulia." "Baada ya baba, mama aliolewa tena?" Hapo mzee wa watu akanyamaza, akamtazama dalali, akasema aliolewa Wete, Pemba, na huyo mume nae alifariki kabla ya mama. "Walizaa?" "Mmoja. Mwanamke."

Wakili akachora mstari mwengine kwenye bahasha akaandika jina la nne. Akatueleza taratibu kabisa, mama alikuwa na thumni yake kwa mumewe, moja ya nane, haikuwahi kutolewa, na yeye alipofariki thumni ile ikawa ya watoto wake wote, na watoto wake ni wanne sio watatu. Wanaume wawili mafungu mawili mawili, wanawake wawili fungu moja moja, jumla mafungu sita. Basi yule wa Wete ana fungu moja kati ya sita la ile moja ya nane, yaani moja ya 48 ya nyumba. Ni kidogo lakini ni chake, na tungelipa siku ile bila yeye tungekuwa tumenunua nyumba iliyo na mwenyewe mwengine ndani. Na muuzaji wallahi hakuwa tapeli, kwa fikra zake yule ni mtoto wa Wete na nyumba ni ya baba yao, hakuwahi kumuhisabu.

Suali kama hilo dalali hatouliza. Sheha pengine anajua jibu lakini hakuna aliemuuliza.

Kuna na jambo jengine ambalo wakili wa hapa ataanza nalo, ni kwamba ardhi Zanzibar ni mali ya umma, imekuwa hivyo tokea baada ya Mapinduzi ya 1964, na chini ya Sheria ya 1992 ya umiliki wa ardhi unachokuwa nacho ni haki ya matumizi, sio ardhi yenyewe. Mtu anasema "nimenunua kiwanja" lakini kisheria amehaulishiwa, yaani amehamishiwa, haki ya kukitumia, na haki hiyo ina masharti. Pia kuna Sheria ya uhaulishaji ya 1994 iliyoweka Bodi ya kuidhinisha uhamishaji wa ardhi, na mauziano yanatakiwa yapite kwenye Bodi hiyo kabla hayajakamilika, sio baadae. Watu wengi wamemalizana, pesa zimeliwa, miaka mitano mbele wanataka hati au mkopo ndio wanaambiwa mauziano yenu hayakupita popote. Wakili anaeijua kazi yake atakwenda Kamisheni ya Ardhi kuangalia kiwanja kimesajiliwa vipi na kama ramani na nambari zinalingana na kile ulichooneshwa kwa kidole.

Halafu ziko aina za mali ambazo hazifanani na nyengine. Eka tatu zile zilizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa masharti, wapewe walime na sio wauze, na leo ukitoka mjini kidogo tu unakuta watu wanakatiwa viwanja ndani ya eka tatu kama mkate. Mji Mkongwe ziko nyumba za wakfu, zilizotolewa sadaka ya kudumu, hazina wa kuuza, anaekaa humo ni mpangaji hata kama kazaliwa humo na babu yake kafia humo, na hizo zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na hata ukipata nyumba ya Mji Mkongwe isiyo ya wakfu, hujifungulii dirisha jipya unavyotaka, kuna Mamlaka ya uhifadhi pale na mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tokea 2000. Pemba nako kwa mazoea yetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule, ukanunua kiwanja ukajenga uzio, msimu ukifika unasikia hodi watu wamekuja na pishi zao kuchuma.

Ndio maana nasema wakili awe wa hapa hapa Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano, sheria za ardhi za Bara za 1999 hazifiki huku, na mawakili wa Zanzibar wana orodha yao na chama chao, Chama cha Mawakili Zanzibar, kama Bara walivyo na chao. Rafiki yako wakili wa Dar es Salaam anaweza kuwa hodari kupita kiasi, lakini sio hodari wa hili. Na kama mali iko Pemba mie ningetafuta anaefanya kazi Pemba, anaeweza kwenda Micheweni asubuhi akakaa na wazee barazani akauliza mpaka wa shamba ni mgomba ule au mwembe ule, kwa sababu mipaka mingi iko kwenye vichwa vya wazee na haiko kwenye ramani.

Kuhusu muhuri nataka kusema kidogo zaidi kwa sababu umewaumiza wengi. Jirani yangu alinunua nyumba, hati yake ina muhuri mwekundu wa wakili chini, kaiweka kwenye plastiki kabisa. Baadae akatokea mtu kudai nyumba ni yake, wakaishia Mahkama ya Ardhi, jirani yangu akanyanyua hati yake kwa ujasiri wote. Muhuri ule ulikuwa unashuhudia kwamba watu wawili walifika mbele ya wakili wakatia saini. Basi. Haukusema popote kuwa aliekuwa anauza ana cha kuuza, na wakili yule hakuwa ameulizwa hilo wala hakulipwa kulitafuta, alilipwa kushuhudia saini. Kwa hivyo ukienda kwa wakili mwambie waziwazi unataka nini, sema "nataka unitafutie ukweli wa mali hii kabla sijalipa", mana ukimwambia "nipigie muhuri" atakupigia muhuri.

Ukienda kumchagua, muulize kama leseni yake ni ya mwaka huu, wakili wa kweli hachukii suali hilo. Muulize mara ya mwisho kafanya mauziano ya nyumba lini, kwa sababu wapo wanaokaa kwenye kesi za jinai tu. Ada akwambie mwanzo, wengine wanatoza kiasi maalum wengine asilimia ya bei, na iandikwe, na kila unachotoa upate risiti. Kama dalali ndie aliekuletea wakili, mshukuru halafu tafuta wako. Na msikilize anauliza nini, hicho mie ndio kipimo changu kikubwa siku hizi, wakili ambae baada ya dakika kumi hajakuuliza habari za marehemu, mirathi, mipaka na nani anakaa humo ndani sasa hivi, we muage uondoke zako salama.

Kama mnunuzi yuko ng'ambo kama huyu mtoto wetu, mambo mawili yasemwe mapema. La kwanza, awaandikie hati ya uwakala inayotaja nyumba gani na mamlaka gani amewapa, sio ujumbe wa sauti wa WhatsApp. La pili, kama kashachukua uraia wa nchi nyengine wakili ajue tokea siku ya mwanzo, kwa sababu haki ya matumizi ya ardhi ni ya Mzanzibari na njia ya kupitia inabadilika kabisa. Watu wanalificha hili kwa kuona haya au kuogopa, halafu nyumba inaandikwa jina la shemegi, na ugomvi wa hapo sina haja ya kuusimulia.

Asie na uwezo wa kulipa wakili asikate tamaa akaenda kusaini tu. Kuna Sheria ya msaada wa kisheria ya 2018, kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na kuna wasaidizi wa sheria mpaka kwenye shehia, hawa hawasimami badala ya wakili lakini watakusomea karatasi na kukwambia wapi pana mashaka kabla hujatoa shilingi.

Sisi ilituchukua miezi. Mirathi ya mama yao ikafanywa upya, Mjini na Wete wakapigiana simu ambazo walikuwa hawajapigiana muda mrefu. Yule dada akaja na boti ya asubuhi na mtoto wake mmoja, akakaa kwenye kiti ofisini kwa wakili, akauliza saini iwekwe wapi, akatia. Fungu lake akahisabiwa palepale mbele yetu, na kaka zake wakamshindikiza mpaka Darajani kwa miguu. Pesa za nyumba tulizitoa baada ya hapo.