Setilaiti ndogo na ioni za metali: pesa ziende kwenye shabaha

Napendekeza setilaiti ndogo ya kupima ioni za metali, yaani chembe za metali zilizopoteza elektroni, na pesa zake ziende kwanza kwenye kuielekeza sawasawa. Vimondo vingi vinavyoingia angani si vikubwa kuliko punje ya mchanga. Huyeyuka kwa kasi yao wenyewe, na chuma, magnesiamu na sodiamu iliyomo hubaki huko juu, baina ya kilomita 80 na 120 hivi. Sehemu yake hugeuka ioni. Ioni za molekuli, kama zile za oksijeni, hukutana na elektroni zikatoweka upesi. Ioni ya metali hudumu saa nyingi, hata siku. Ndiyo maana pepo zinazopishana huko huweza kuzibana zikawa tabaka lenye unene wa kilomita chache tu, linalorudisha chini mawimbi ya redio ambayo yangepotelea angani.

Sisi wa Mombasa tumekaa mahali pa thamani. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia hulala sambamba na ardhi, hupita kaskazini yetu, Ethiopia. Mchana ioni huinuliwa pale, kisha huteremka kusini na kaskazini zikifuata uga wa sumaku, na tawi la kusini huja upande wetu. Ioni za metali zimewahi kuonekana mamia ya kilomita juu ya zilikozaliwa.

Kwa nini basi tusizipime kutoka ardhini, tukiwa hapa Nyali? Ioni ya magnesiamu hung'aa katika urujuanimno, karibu na nanomita 280, na nuru hiyo humezwa yote na ozoni. Kupeleka chombo kwenye tabaka lenyewe nako ni shida: kwa kilomita 100 hewa huiangusha setilaiti, na roketi hupita kwa dakika chache tu. Imebaki kutazama kutoka juu, kwa ubavu, kwenye ukingo wa dunia. Envisat ilifanya hivyo kwa kihisi chake SCIAMACHY, lakini ilikuwa setilaiti ya tani nane.

Mimi nachagua magnesiamu, ingawa chuma ni kingi zaidi, kwa sababu rangi zake mbili za nuru zenye nguvu zimekaribiana: kichujio kimoja cha nuru huzipata zote. Kihisi cha kuitazama kinaingia kwenye setilaiti ndogo, boksi la sentimita 10 kwa 10 kwa 30.

Wengi hung'ang'ania lenzi. Mimi nasema tatizo ni shabaha. Setilaiti iliyo kilomita 500 juu huliona tabaka la kilomita 100 kwa umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Ikikosea mwelekeo kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, kimo unachosoma kinahama kilomita 4, yaani unene wa tabaka lenyewe! Kamera ya kutambua nyota ndiyo ya kununuliwa kwanza, hata kama italazimu lenzi ipungue.

Njia ya kuzunguka nayo iwe karibu na ikweta, kama ya setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa mwaka 1970 kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi baharini hapo Malindi. Hivyo ukanda wetu utatazamwa kila baada ya dakika mia moja hivi. Usiku, jua likikosekana, magnesiamu haing'ai. Hapo kipokezi cha GPS ndani ya boksi hilohilo kitalitambua tabaka kwa namna linavyoyumbisha mawimbi yanayolipenya.