Mshahara, marupurupu na masurufu: pesa za wanasiasa wetu hupita wapi

Kila habari za nyongeza ya mishahara ya wabunge zinapofika Lamu, mazungumzo ya barazani pale Mkunguni huishia kwenye kauli moja, kwamba wabunge hukaa Nairobi wakajipangia mishahara wapendavyo. Hasira hiyo ni ya haki, nami ninayo. Lakini kazi yangu ni uhasibu, na kwa miaka mingi nimekagua hesabu za taasisi za umma, kwa hiyo naomba kueleza jambo ambalo wengi wetu hatuelezwi: mshahara ndio sehemu ya malipo ya wanasiasa ambayo sheria imeidhibiti zaidi, ilhali fedha zinazotuponyoka hupita kwenye marupurupu, posho na safari, ambako watazamaji ni wachache.

Kabla ya Katiba ya 2010, kauli ile ya barazani ilikuwa kweli tupu. Bunge lilijitungia lenyewe sheria ya malipo yake, hata mbunge akawa anapokea shilingi 851,000 kwa mwezi, na katika hizo ni mshahara wa msingi wa 200,000 tu uliokatwa kodi. Katiba ilikata mzizi huo. Kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu na kuipa mamlaka ya kupanga malipo ya maafisa wote wa dola, wabunge wakiwemo. Kifungu cha 210 kikakataza sheria yoyote kumsamehe afisa wa dola kodi kwa sababu ya cheo chake. Na Kifungu cha 116 kikasema kwamba sheria inayowanufaisha wabunge kifedha moja kwa moja haianzi kutumika hadi uchaguzi mkuu unaofuata upite.

Wabunge hawakuyakubali hayo kwa urahisi. Mwezi Oktoba 2012, muhula wao ukielekea ukingoni, walijipitishia kiinua mgongo cha shilingi milioni 9.3 kwa kila mmoja, na Rais Mwai Kibaki akakataa kutia saini. Mwaka uliofuata Tume iliushusha mshahara hadi shilingi 532,500, nalo Bunge jipya likapiga kura ya kuyabatilisha matangazo ya Tume yaliyokuwa yamechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwishowe pande mbili zilipatana: mshahara ukabaki pale pale ulipowekwa, lakini kila mbunge akapewa ruzuku ya shilingi milioni 5 ya kununulia gari. Mwananchi aliyesoma magazeti siku hiyo aliona kwamba Tume imeshinda. Mhasibu huzigawanya milioni 5 kwa miezi 60 ya muhula na kupata zaidi ya shilingi 83,000 kwa mwezi, ambazo hazionekani popote kwenye mstari wa mshahara.

Mfano ulio wazi kuliko huo ni wa posho ya nyumba. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Bunge, ambayo ni chombo cha Bunge lenyewe, iliidhinisha kila mbunge alipwe shilingi 250,000 kwa mwezi za nyumba, zikihesabiwa tangu Oktoba 2018, yaani shilingi milioni 3 kwa mwaka kwa mtu ambaye tayari anaweza kukopeshwa pesa za kununua nyumba kwa riba nafuu mno. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Kifungu cha 127 kinaipa tume hiyo jukumu la kuwapatia wabunge huduma na nyenzo za kufanyia kazi. Ukiikubali hoja hiyo, hakuna malipo yasiyoweza kuitwa nyenzo, na Kifungu cha 230 kinabaki maandishi matupu. Kesi ilipelekwa mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba malipo hayo yalikiuka Katiba na kwamba pesa zirudishwe. Uamuzi huo naona unastahili kujulikana na kila mpiga kura, kwa sababu unathibitisha kwamba posho nayo ni malipo, na kwamba anayelipwa hana haki ya kujipangia.

Kinachowachoma watu wa huku hasa ni unafiki. Juni 2023 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha uliopandisha ushuru wa thamani ya ziada kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kwetu mafuta si ya magari tu. Mvuvi wa Kizingitini hununua petroli ya mashine kabla hajajua kama atapata samaki, na nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu hana budi kupandisha nauli, ambayo humwangukia mama anayempeleka mtoto hospitalini. Mbunge aliyeipigia kura kodi hiyo, naye hulipwa posho ya safari kwa kilomita kutoka hazina ya umma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada mwingine wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga, na vijana wakaingia katika majengo ya Bunge siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye ilijulikana kwamba mshahara wa wabunge ulikuwa umepangwa kupanda kutoka 725,502 hadi 739,600, na kelele zikawa kubwa hadi nyongeza ikasitishwa. Nyongeza hiyo ilikuwa shilingi 14,098 kwa mwezi. Nafurahi kwamba ilisitishwa, ila nasikitika kwamba posho zilizo kubwa kuliko hiyo mara kadhaa hazikuguswa.

Haki itendeke pia. Sidai kwamba kila posho ni wizi. Mbunge wa Lamu Mashariki anayetaka kuwafikia watu wa Faza, Ndau na Kiwayu analazimika kutumia boti, na safari hiyo ina gharama ambayo mwenzake wa Nairobi haijui. Ninachodai ni kwamba safari ithibitishwe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye masurufu, yaani pesa anazokabidhiwa afisa kabla ya safari, kisha akazitolea hesabu. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma zinamtaka arejeshe hesabu hiyo katika siku 7 za kazi baada ya kurudi, la sivyo akatwe kwenye mshahara pamoja na riba. Katika bunge la kaunti moja nililolikagua, niliwekewa mezani jalada la warsha ya kamati iliyofanyika katika hoteli iliyo nje ya kaunti. Orodha ya mahudhurio ya siku zote ilikuwa imetiwa saini kwa wino mmoja na kwa mwandiko unaofanana, risiti za hoteli zilikuwa na nambari zinazofuatana bila pengo, na mmoja wa waliotia saini alionekana pia kwenye daftari la kikao cha bunge siku hiyo hiyo, akiwa amelipwa posho ya kikao huku na posho ya safari kule. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya jalada hilo, kwa sababu hakuna aliyelijua.

Sisi wapiga kura tuna sehemu yetu. Tunapomtaka mwakilishi wadi atulipie karo, mazishi na harambee ya madrasa kutoka mfukoni mwake, tunampa kisingizio cha kuutafuta mfuko huo pengine.

Kwa anayetaka kufuatilia, njia zipo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kaunti kila robo ya mwaka wa fedha, na ndani yake kila bunge la kaunti huonyeshwa limetumia kiasi gani kwa safari za ndani na za nje ya nchi. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kisha wananchi hukaribishwa kutoa maoni. Mtu akiingia mkutanoni na ukurasa wa safari mkononi, hajibiwi kwa hotuba. Iwapo ripoti haitoshi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuandika barua bila kulazimika kutoa sababu, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala. Katika barua hiyo, usiulize mshahara. Taja kamati na tarehe, omba orodha ya safari, kiasi cha masurufu yaliyotolewa kwa kila moja, ripoti iliyowasilishwa baada ya safari, na majina ya wale ambao hesabu zao hazijarejeshwa.