Kila mtu anakwambia vuta pumzi, mi nakwambia itoe

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwa hii kazi ya fizio na masaji hapa Kisumu, aliingia mama mmoja anayeuza omena, wale samaki wadogo, soko la Kibuye, shingo imekaza mpaka kugeuka ni shida, mabega yako juu karibu yaguse masikio, usingizi hakuna, chama kinamdai na mtoto ametumwa karo. Nikamlaza kitandani nikamwambia vile kila mtu huambiwa, mama vuta pumzi kubwa, tena, ebu tena, kubwa zaidi. Haikupita dakika mbili akaniambia, "Daktari, midomo inawasha, na hivi vidole vinajikunja vyenyewe." Na kweli vilikuwa vinajikunja, hapo mbele yangu. Yeye alijua ni kiharusi kinakuja, mi nikajua ni mimi nimemfanyia hivo.

Iko hivi. Ukivuta pumzi kubwa kubwa ukiwa umelala tu, unatoa kaboni dayoksaidi haraka kuliko vile mwili unaitengeneza. Watu hudhani hiyo hewa ni takataka, eti ikitoka yote ni afya, lakini damu inaihitaji kwa kiasi chake, na ikipungua sana ile mishipa inayopeleka damu kwa ubongo inajibana, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinakufa ganzi, kifua unahisi ni kama hakijai, kwa hivyo unavuta zaidi na unaharibu zaidi. Nimepata wateja wengi wenye walikimbizwa hospitali usiku wakidhani ni moyo, na wengine walipelekwa kuombewa kwanza. (Hapa nisieleweke vibaya. Maumivu yanayobana kifua, yanaenda kwa mkono ama taya, na jasho baridi, hayo usiyapumulie, hayo tafuta gari uende hospitali saa hiyo hiyo.)

Mama yangu wa omena alikuwa sawa baada ya muda kidogo, nilimwambia tu apumue polepole kwa pua. Lakini tangu siku hiyo nimeacha kumwambia mtu avute pumzi. Nawaambia watoe.

Jaribu hivi. Weka vidole viwili kwa shingo, pembeni ya koo, upande mmoja tu, mpaka upate mapigo. Sasa pumua polepole na usikilize. Wengi mtasikia ukivuta hewa moyo unakimbia kidogo, ukitoa unapunguza mwendo. Hiyo haimaanishi moyo ni mgonjwa, hivo ndivyo umeumbwa. Kuna neva inaitwa vagasi, inatoka chini ya ubongo inashuka kwa shingo hadi kwa moyo, mapafu na tumbo, na kazi yake moja ni kushika breki. Unapotoa hewa breki inashikwa, unapovuta inaachiliwa. Kwa hivyo ukitaka kutulia, sehemu yenye unafaa kurefusha ni ile ya kutoa. Mimi nafundisha nne kwa sita, vuta kwa pua ukihesabu nne, kawaida tu bila kujaza kifua, alafu toa polepole ukihesabu sita kama mtu anapuliza chai ya moto. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima akikaa tu hupumua kama mara 12 hadi 20. Dakika tano zinatosha. Ukisikia kizunguzungu unavuta kubwa sana, punguza.

Swali lenye naulizwa kila wiki ni kama hiyo itamaliza deni. Haimalizi. Deni liko pale pale Jumatatu. Shida yenye mimi naona mezani si deni lenyewe, ni mtu amefunga biashara saa moja jioni na saa nne usiku mwili bado uko sokoni, kama piki imesimama stejini na mwenyewe bado anazungusha mafuta. Dakika tano zinasaidia mafuta yaachiliwe.

Kuna wale hawawezi kukaa na pumzi, wakianza kuihesabu ndio wanapanik zaidi. Hao nawapa kazi ya misuli. Kuna daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyeanza kufundisha hii kitu miaka ya 1920: unakaza misuli makusudi ndio ijue kuachilia. Kunja ngumi sekunde kama saba, achilia, ngoja sekunde ishirini hivi usikie tofauti. Inua mabega yaguse masikio, achilia. Kaza mguu, achilia. Dereva wa matatu anaweza kufanya hii akingoja gari ijae, hakuna mtu atajua.

Sasa masaji, kwa sababu ndio inanilipia rent. Masaji inatuliza, misuli inalegea, wengi wanalala vizuri usiku huo. Lakini ikipita siku mbili tatu na hujabadilisha kitu, mabega yanarudi juu. Na haitoi sumu mwilini, hiyo maneno ya sumu naomba iishe, kutoa uchafu ni kazi ya figo na ini. Na kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usikubali mtu yeyote ausugue, hiyo inaweza kuwa damu imeganda na ikisukumwa ifike kwa mapafu ni hatari kubwa. Mtu wa masaji asiyekuuliza maswali kabla ya kukugusa, vaa nguo uende.

Mafuta ya kunukia, lavenda na wenzake, ni sawa, harufu nzuri inasaidia mtu kutulia. Usinywe. Usipake yakiwa makali hivo, matone 12 kwa mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha.

Dawa za miti ndio zinanipa baridi. Kuna watu wananunua vidonge mtandaoni vya St John's wort, vimeandikwa asili, kwa hivyo wanadhani haviwezi kuwa na neno. Hiyo mmea inafanya ini ichome dawa zingine haraka, zikiwemo ARV kadhaa, zile dawa za virusi vya UKIMWI, na tembe za kupanga uzazi. Huku kwetu wengi tuko kwa dawa na tunaishi vizuri nazo, sasa uanze kuziharibu juu ya stresi? Uliza kwanza pale kliniki unapochukulia dawa, na usione haya.

Na chai. Najua, najua. Lakini kafeini inachukua kama saa tano ndio nusu yake itoke, kwa hivyo ile strungi ya saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu bado iko ndani na wewe unalaumu jirani na redio yake.

Yule mama wa omena alirudi baada ya miezi. Nikamuuliza, vipi ile nne kwa sita? Akacheka. "Daktari, hiyo mi nilisahau kitambo. Lakini nimejiunga na kwaya, na siku za mazoezi nalala kama mtoto." Nikajaribu kuhesabu kichwani mstari mmoja wa wimbo wa kanisa: unavuta hewa kidogo, alafu unaitoa sekunde nane, tisa, polepole, na sauti juu yake. Nikamuuliza mazoezi ni siku ngapi. "Jumatano na Ijumaa. Hizo zingine naimbia omena."

Nikamwambia aendelee kuziimbia.